Komenti Moja Inagharimu Kiasi Gani, na Nani Anailipa?

Tarehe 20 Oktoba 2022 Mahakama Kuu ya Tokyo ilikipa bei kitendo ambacho wengi wetu tunakifanya kila siku bila kukifikiria. Mio Sugita, wakati ule mbunge wa chama tawala cha Japani, alikuwa amelaiki posti 25 zilizomdhalilisha Shiori Ito, mwandishi wa habari aliyejitokeza hadharani kusema kwamba alibakwa, pamoja na watu waliokuwa wakimtetea. Kesi haikuhusu maneno aliyoyaandika Sugita. Ilihusu kubofya tu. Mahakama ikaamuru amlipe Ito yeni 550,000.

Kwa viwango vya wakati ule, hizo ni karibu shilingi milioni 8 na nusu za Tanzania. Zigawe kwa 25 na utapata yeni 22,000 kwa kila laiki, takriban shilingi 340,000. Mwaka huohuo kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilipandishwa hadi shilingi 370,000. Maana yake kila laiki moja ya mheshimiwa yule ilikaribia mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi wa serikali huku kwetu.

Mahakama ya chini ilikuwa imeitupa kesi hiyo mwezi Machi, kwa hoja kwamba laiki inaweza kuwa na maana nyingi. Mahakama Kuu ikaangalia mambo mawili: kwamba mbunge huyo alikuwa ameshamshambulia Ito kwingineko, tena zaidi ya mara moja, na kwamba alikuwa na wafuasi wapatao 110,000. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Japani ikaubariki uamuzi huo.

Tumezoea kuambiana kwamba maneno ya mitandaoni ni maneno tu, mtu akiyachoka azime simu. Hesabu zinakataa. Maneno hayo yana gharama, gharama yenyewe inahesabika, na sehemu yake kubwa inabebwa na mtu mmoja, yule aliyefunguka. Sehemu inayobaki inabebwa na watu ambao mwandika komenti hawajui kabisa, na hao nitawafikia.

Bili ya aliyefunguka

Ito alisema tukio lilitokea Aprili 2015, baada ya chakula cha jioni na mwandishi wa habari mwandamizi. Mwaka 2016 waendesha mashtaka walifunga faili bila kumshtaki mtu. Mei 2017 akaitisha mkutano na waandishi wa habari, akaonyesha uso wake na kuomba shauri lake lipitiwe upya. Matusi na vitisho vikamiminika kiasi kwamba alihamia Uingereza. Mwanamume aliyemtaja alikana, akafungua madai dhidi yake akitaka alipwe yeni milioni 130.

Desemba 2019 mahakama ya madai iliamua kwamba tendo lilifanyika bila ridhaa ya Ito, ikampa fidia ya yeni milioni 3.3. Januari 2022 rufaa ilithibitisha hilo, lakini ikamwamuru na yeye amlipe mwanamume yule yeni 550,000, kwa sababu alikuwa ameeleza kwamba alitiliwa dawa na mahakama haikuona uthibitisho wa kutosha. Kiasi hicho kinalingana, yeni kwa yeni, na alichokuja kulipwa baadaye kwa zile laiki 25.

Kabla ya hapo kulikuwa na mchoraji wa katuni aliyeweka mtandaoni michoro ya kumdhihaki. Ito alidai jumla ya yeni milioni 7.7 kutoka kwa mchoraji na watu wawili waliosambaza michoro yake. Novemba 2021 mahakama ya wilaya ya Tokyo ikamwamuru mchoraji alipe 880,000, na wale wawili walioishea walipe 110,000 kila mmoja. Ukijumlisha ni yeni milioni 1.1, sehemu moja kati ya saba ya alichoomba. Tangu alipoonyesha uso wake Mei 2017 hadi kesi ya laiki ilipofika mwisho Februari 2024 ni miaka 6 na miezi 9. Mtu alitumia karibu miaka saba ya ujana wake akisubiri kuambiwa na majaji kwamba kweli, ulichofanyiwa mtandaoni ni kosa.

Marekani bili iliandikwa kwa dola. Septemba 2018 Christine Blasey Ford, mwalimu wa chuo kikuu, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti kwamba Brett Kavanaugh, aliyekuwa amependekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, alimshambulia kingono walipokuwa wanafunzi wa sekondari. Kavanaugh alikana, na tarehe 6 Oktoba akathibitishwa kwa kura 50 dhidi ya 48. Kufikia Novemba mawakili wa Ford walisema alikuwa amehama makazi mara nne kwa sababu ya vitisho vya kuuawa, analipia walinzi binafsi, na hajaweza kurudi kufundisha. Wananchi walimchangia mtandaoni dola 647,610. Kwa viwango vya wakati ule hizo zilikaribia shilingi bilioni moja na nusu za Tanzania, na alieleza kuwa zilitumika kwa ulinzi na makazi, huku kitakachobaki kikielekezwa kwa mashirika yanayosaidia manusura.

Mfuko huohuo unaonyesha upande wa pili wa mtandao. Waliomchangia hawakumjua. Walikutana na habari yake kwenye simu, palepale wengine walipokuwa wakimtukana. Na wikiendi iliyofuata ushahidi wake, simu ya msaada ya RAINN, shirika kubwa la Marekani la kusaidia manusura wa ukatili wa kingono, ilipokea ongezeko la asilimia 338 juu ya kawaida. Mtu mmoja alisema hadharani, na maelfu waliokuwa kimya wakainua simu.

Wimbi na kiwango chake

Maneno "MeToo", yaani mimi pia, ambayo manusura wa ukatili wa kingono huyatumia kusema kwamba na wao yamewakuta, yalianzishwa na Tarana Burke mwaka 2006. Yaliposambaa duniani Oktoba 2017, Facebook ilisema kwamba ndani ya saa 24 watu milioni 4.7 walishiriki mazungumzo hayo kwa posti, komenti na laiki zaidi ya milioni 12. Kwenye Twitter peke yake, kwa hesabu ya kituo cha utafiti cha Pew, alama ya #MeToo ilitumika zaidi ya mara milioni 19 hadi mwisho wa Septemba 2018. Ni wastani wa mara 55,000 na ushei kila siku, karibu mwaka mzima.

Watafiti waliokaa na kusoma majibu wanayopewa watu wanaofunguka wamekuta jambo ambalo wengi hawalitarajii: majibu mengi ni mazuri. Pole, nakuamini, hauko peke yako. Wabaya ni wachache. Shida ni kwamba wachache katika umati mkubwa bado ni watu wengi. Mwaka 2018 Amnesty International ilichambua ujumbe uliotumwa Twitter mwaka uliotangulia kwa wanawake 778, waandishi wa habari na wanasiasa wa Uingereza na Marekani, ikakuta asilimia 7.1 ni wa matusi au wa kuudhi. Hao hawakuwa manusura waliokuwa wakisimulia, kwa hiyo kipimo hiki nakitumia kwa kukadiria tu. Posti yenye komenti 5,000, ikipata saba za namna hiyo katika kila mia, inazaa 350. Mtu ambaye tayari hapati usingizi anazisoma moja baada ya nyingine saa nane za usiku, na zile pole 4,650 hazizifuti.

Binti aliyeitwa XY

Mwanzoni mwa Agosti 2024 video ya binti akifanyiwa ukatili na kundi la wanaume ilianza kuruka kwenye magrupu ya WhatsApp Tanzania. Alitajwa kuwa mkazi wa Yombo Dovya, Dar es Salaam. Binti huyu hakuchagua kufunguka. Waliomfanyia ukatili ndio waliorekodi, na mbele ya kamera wakamlazimisha kuomba radhi. Kila aliyeishea, hata kwa nia ya kulaani, alimpeleka binti yule kwenye macho mapya.

Wananchi walipaza sauti, na kwa kiasi kikubwa walipaza sauti vizuri. Katikati ya mwezi Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Dodoma, ambako kesi ilikuja kusikilizwa, akanukuliwa gazetini akieleza kwamba binti alikuwa kama mtu anayejiuza. Watu wakaja juu, na mara moja kamanda akahamishwa. Kauli ile niliichukulia kwa uzito mkubwa kuliko komenti elfu za watu wasiojulikana, kwa sababu ilitoka kwenye ofisi ambayo binti mwingine atatakiwa kuiingia kesho kuomba msaada.

Tarehe 30 Septemba 2024 mahakama mjini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha, na kuamuru kila mmoja amlipe binti fidia ya shilingi milioni moja. Takriban wiki nane toka video ianze kusambaa hadi hukumu: kwa kesi za ubakaji ni kasi ya ajabu, na sidhani ingefikiwa bila kelele za umma. Mahakamani jina la binti lilifichwa kwa herufi mbili, XY. Sheria yetu inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana usikilizwe faragha na usichapishwe. Hakimu alifanya wajibu wake. Uso wa binti, hata hivyo, ulikuwa umeshahifadhiwa kwenye simu zetu.

Sasa tupige hesabu. Fidia ya wanaume wanne ni shilingi milioni 4, chini ya nusu ya bei ya laiki 25 za Tokyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamtoza anayemsumbua au kumtisha mwenzake mtandaoni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kifungu cha 14, kinachohusu kuchapisha picha za ngono, kinaanzia milioni 20 au miaka saba. Kwa maandishi ya sheria, mtu mmoja aliyesambaza video ile anakabiliwa na faini mara tano ya fidia yote aliyoandikiwa binti. Kenya, sheria ya mwaka 2018 inampa anayesambaza picha za faragha za mtu faini isiyozidi shilingi 200,000 za huko, au kifungo kisichozidi miaka miwili. Bei zimeandikwa. Kinachokosekana ni watu kuzidai.

Kelele za umma zikielekezwa vizuri zina kazi, na Kenya ililiona hilo mapema. Mwaka 2013 msichana wa Busia, aliyepewa jina la bandia Liz, alibakwa na kundi la wanaume, na washukiwa waliokamatwa wakaadhibiwa kwa kufyeka nyasi kituo cha polisi. Ombi la mtandaoni likakusanya sahihi zaidi ya milioni moja. Mwaka 2015 watatu wakafungwa miaka 15 kila mmoja.

Maswali yaleyale, na majibu yake kwa namba

Mtu akifunguka, awe Mwanza, Mombasa au Muscat, maswali huwa yaleyale. Alifuata nini huko? Mbona hakupiga kelele? Alikuwa wapi siku zote? Anatafuta kiki huyu. Yamekaa kama maswali, na baadhi ya wanaoyauliza wana nia safi kabisa. Basi tuyajibu.

Kupiga kelele. Watafiti wa Sweden mwaka 2017 walichapisha utafiti wa wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa mjini Stockholm. Asilimia 70 walieleza kwamba wakati wa tukio mwili uliganda kwa kiwango kikubwa, na asilimia 48 uliganda kabisa, wasiweze kusogea wala kutoa sauti. Kwa hiyo kukaa bila kupambana ndiyo hali ya wengi. Mwenye kuuliza kwa nini hakupiga kelele anaulizia kitu ambacho mwili wa watu saba kati ya kumi ulishindwa kukifanya.

Kukaa kimya. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti mkubwa wa kitaifa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, UNICEF, CDC ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili wakishirikiana. Karibu wasichana watatu kati ya kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ni karibu mmoja kati ya saba, na hawa tunawasahau kila mara. Katika wasichana mia waliofanyiwa, kama nusu tu ndio waliomwambia mtu yeyote, awe mama, shangazi au rafiki, na waliotafuta huduma ni kama 20. Kukaa kimya ni jambo la kawaida kabisa.

Kiki, yaani uongo. Hili ndilo linaloumiza zaidi, na ndilo lililochunguzwa zaidi. Mwaka 2005 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilichapisha utafiti wa kesi 2,643 za ubakaji zilizoripotiwa. Polisi waliziita za uongo kesi 216, asilimia 8. Watafiti walipozipitia kwa vigezo vya polisi wenyewe, wakabaki na kama asilimia 3. Fuatilia zaidi hizo 216: waliofikia kuandikisha malalamiko rasmi ni 126. Waliotaja mtu ni 39. Waliokamatwa ni 6. Walioshtakiwa ni 2. Marekani, utafiti wa 2010 uliopitia kesi 136 za chuo kikuu kimoja kwa miaka kumi ulikuta za uongo 8, asilimia 5.9.

Uongo upo, na namba hizo zenyewe zinasema upo. Asilimia 3 au 6 ikikuangukia wewe au ndugu yako ni mia kwa mia, na mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Namba hizi hazimtii mtu hatiani katika kesi yoyote. Zinachosema ni kwamba anayeanza na neno "muongo" anabashiri dhidi ya uwezekano wa zaidi ya 90 kwa 100, na dau analoweka ni la mwenzake. Kusema "pole, umeshafika hospitali?" hakumfungi mtu yeyote jela.

Nani anasoma

Sasa wale watu niliosema nitawafikia. Utafiti wa afya Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 12 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kenya, mwaka huohuo, ni asilimia 13. Chukua uzi mmoja uliosomwa na wanawake 1,000 wa Kitanzania. Ndani yao wapo kama 120 ambao wanajua kwa miili yao kinachozungumzwa. Hawaandiki kitu. Hawalaiki. Wanasoma kuona aliyejitokeza anapokelewaje, kisha wanaamua kama na wao watamwambia mtu.

Kwa hiyo komenti yako haimfikii mtu mmoja. Wapo 120 pembeni yake, na mmoja wao huenda ni mdogo wako wa kike uliyekula naye jana. UN Women inasema katika nchi nyingi zenye takwimu, wanawake wanaotafuta msaada wowote baada ya ukatili hawafiki 40 katika kila 100, na katika hao wanaokwenda polisi hawafiki 10. Watafiti kama Courtney Ahrens wa Marekani wameonyesha kwamba jibu baya la kwanza humfunga mtu mdomo, akaacha kuongea kabisa.

Ukimya huo una saa yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina saa 120, na kadiri unavyochelewa nguvu yake inapungua. Aliyefanyiwa Ijumaa usiku, akashinda Jumamosi na Jumapili akisoma jinsi mwingine anavyotukanwa, Jumatatu usiku saa zake 72 zimekwisha.

Ukimya una bei ya pesa pia. Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa ya Kenya ilikadiria mwaka 2016 kwamba ukatili wa kijinsia unaigharimu nchi shilingi bilioni 46 za Kenya kwa mwaka, asilimia 1.1 ya pato la taifa. Matibabu na yanayoendana nayo pekee yalimgharimu manusura na familia yake wastani wa shilingi 16,464. Anayechelewa kwa hofu ya kuchekwa anakuja na ugonjwa uliokomaa au mimba, na bili yake inapanda.

Ndugu msomaji, video ya namna ile ikikufikia, iishie mikononi mwako, usiisogeze mbele. Peleka taarifa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, kisha ifute. Mtu akifunguka na ukasikia tukio ni la jana au juzi, mwandikie pembeni, usimuulize alivaa nini: nenda hospitali leo, saa 72 hazijaisha, usioge wala kufua nguo zile, na fomu ya polisi ya PF3 ishughulikiwe huku matibabu yakiendelea. Kama ni mtoto, Tanzania na Kenya namba ni 116. Kwa mtu mzima Kenya, ni 1195. Zote zinapigwa bure.